Rangi ya Chini ya Chombo

Leo twataka kunena habari ya ile sehemu ya chombo ambayo mwenyewe haioni ila mara chache katika mwaka, nayo ni sehemu ilalayo chini ya maji. Watu wa pwani walijua jambo hili tangu utoto wao. Lakini twajua ya kuwa wasikilizaji wetu wengine wa bara hawajapata kukiona chombo kilichopandishwa mchangani, na kwa ajili yao tutaanza mbali kidogo.

Chombo kipya kikishushwa majini, ubavu wake ni laini kama meza. Siku chache zikipita, ukipitisha mkono chini ya maji utaona utelezi. Utelezi huo ni viumbe na mimea midogo mno, ambayo jicho haliwezi kuitambua mmoja mmoja. Baadaye huja mwani, mfano wa ndevu za kijani, nao hustawi zaidi karibu na uso wa maji penye mwanga wa jua. Kisha huja wale wenye magamba meupe magumu, kama vilima vidogo vyenye tundu juu, ambavyo humkata mtu mguu akivikanyaga. Wengi huwadhani kuwa ni jamaa ya chaza, lakini jamaa yao ni kaa na kamba. Mtaalamu Mwingereza Charles Darwin alitumia miaka minane, tangu 1846 hata 1854, akiwachungua hao tu. Mdudu huyu katika utoto wake huogelea na kuchukuliwa na mkondo. Ukaribiapo mwisho wa utoto huo hali kitu kabisa. Kazi yake ni kutafuta mahali pa kukaa. Akipapata, hujigandisha kwa kichwa, hujijengea gamba, na tangu siku ile hahami tena mpaka afe. Chakula chake hukipata kwa kuipunga miguu yake majini kama mvuvi arushaye wavu.

Kwa mdudu huyo, mwamba na mashua ni mamoja. Lakini kwa mwenye mashua si mamoja hata kidogo. Chombo kilichoota magamba huwa kizito, usukani hauitiki upesi, na mashine, ikiwa iko, hunywa mafuta mengi zaidi kwa safari ile ile. Upepo ukiwa wa nyuma nahodha aweza kuvumilia. Ila akitaka kubisha, huona kuwa anarudi upande kuliko anavyokwenda mbele.

Tena chombo cha mbao kina adui mbaya kuliko hao wote, naye ni funza wa baharini. Twamwita funza kwa sababu ya umbo lake. Kwa asili yeye ndiye hasa aliye jamaa ya chaza, na magamba yake mawili madogo yako kichwani, nayo huyatumia kama tupa kusagia mbao. Huingia angali mdogo sana, kwa kitundu ambacho mtu hakioni asipotazama kwa makini, kisha hunenepa humo ndani, akiufuata urefu wa ubao. Kwa nje ubao waonekana mzima, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki. Mwaka 1503 baharia Christopher Columbus alilazimika kuzipandisha merikebu zake mbili za mwisho katika pwani ya Jamaica, kwa kuwa zilikuwa zimeliwa na funza hao hata maji yakawashinda watu wa pampu. Akakaa huko mwaka mzima pamoja na watu wake, wakingoja kuokolewa.

Wazee wa pwani yetu walikuwa na dawa yao. Chombo hupandishwa wakati wa bamvua, hutiwa magadi kisianguke, hukwanguliwa, kisha hupitishiwa moto wa makuti chini yake ili wadudu wafe. Moto ukiisha, chini hupakwa kwa mkono mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na juu ya mstari wa maji hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Hatuidharau dawa hiyo. Imevichukua vyombo Unguja na Lamu, Maskati na Uhindini, kwa muda mrefu kuliko rangi yoyote ya kopo. Kasoro yake ni kwamba haidumu. Yataka kupakwa upya mara nyingi, na kila mara yataka moto, na mtu asiyeuzoea moto huo aweza kuunguza mbao zake mwenyewe.

Huko Ulaya walijaribu njia nyingine. Mwaka 1761 manowari ya Kiingereza iitwayo Alarm ilifunikwa chini kwa mabati membamba ya shaba. Iliporudi kutoka bahari za West Indies na kuchunguzwa, wakaona kuwa funza hawakuingia na magamba hayakushika. Lakini waliona na jambo la pili, la kutisha: ile misumari mikubwa ya chuma iliyozishikanisha mbao ilikuwa imelika vibaya palipogusana na shaba. Mahali pachache, karatasi iliyofungiwa mabati hayo ilikuwa imesahauliwa kati ya shaba na chuma, na hapo misumari ilikuwa mizima. Hivyo walijifunza ya kuwa madini mawili mbalimbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi, moja humla mwenziwe. Mtakuja kuona faida ya neno hili tukifika kwenye boti za alumini.

Shaba yenyewe nayo ililika polepole, na serikali ya Uingereza ikaona gharama. Basi mwanakemia mkubwa Humphry Davy akaulizwa, naye mwaka 1824 akatoa shauri la kufunga vipande vya chuma au zinki juu ya mabati ya shaba, ili hivyo vilike badala ya shaba. Shauri lake lilifaulu kama alivyosema. Shaba ikaacha kulika. Lakini merikebu hizo zilipotazamwa tena, chini yake palikuwa pamejaa mwani na magamba! Maana kilichokuwa kikiwafukuza wadudu ni ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka na kupotea baharini. Ilipoacha kupotea, iliacha na kufanya kazi.

Rangi zote za shaba ziuzwazo leo kwa ajili ya chini ya vyombo ni ndugu wa mabati hayo. Ndani yake mna unga mwekundu wa shaba na hewa ya oksijeni, na katika rangi kali unga huo waweza kufika nusu ya uzito wa rangi au kupita. Kopo lake ni zito ajabu mkononi. Unga huyeyuka kidogo kidogo, na mtoto wa mdudu akija kutafuta makao huikuta sumu hiyo na kwenda zake. Kwa hiyo mwenye chombo akiona rangi yake imepungua baada ya mwaka, asidhani ya kuwa amepunjwa na mwenye duka; rangi isiyopungua ndiyo ya kutilia shaka. Swali lake la haki ni hili: je, imepungua kwa kadiri inayolingana na kazi ya chombo changu?

Rangi hizi ni za namna mbili zilizo kubwa. Ya kwanza ni rangi ngumu. Hiyo hukaa mahali pake kama ganda, na unga wa shaba hutoka ndani yake, hata mwisho ganda hubaki na vitundu vitupu kama sifongo. Yafaa chombo kiendacho kasi, na chombo kisuguliwacho mara kwa mara, na kile kikaacho juu ya mchanga maji yakipwa, kwa kuwa haichubuki upesi. Lakini ina mambo mawili. Ganda la mwaka huu hupakwa juu ya ganda la mwaka jana, na baada ya miaka kadha huwa nene, hupasuka, nalo hapana budi kuondolewa lote kwa kazi ngumu. Tena chombo chenye rangi hiyo kikikaa nchi kavu miezi mingi, rangi hupoteza nguvu yake nyingi.

Ya pili ni rangi ilikayo. Hiyo hupungua yote pamoja, kama kipande cha sabuni, na kila siku uso mpya wenye sumu hutokea. Haijengi ganda nene, na kwa kawaida chombo chaweza kupandishwa na kushushwa tena bila rangi kupoteza nguvu yake. Kwa mashua itiwayo nanga mahali penye maji daima na kusafiri kila juma, sisi twaipendelea hii. Lakini mashua ifungwayo kwenye boya mwezi mzima bila kwenda, rangi hii haiitendei yote iwezayo, kwa sababu mwendo wa maji ndio uisaidiao kulika. Na chombo kilalacho mchangani kila maji yapwapo, mchanga utaikwangua pale pale chini, penye mkuku, mahali ambapo funza hupapenda.

Iko na namna ya tatu, isiyo na sumu, yenye utelezi wa silikoni, ambayo wadudu hushindwa kuishika vema wakasukumwa na maji. Ni nzuri kwa meli ziendazo kasi na zisizokaa bure. Kwa mashua ya tanga yenye safari chache hatuoni kuwa inafaa bei yake.

Sasa na tuanze upya, kwa kuutazama mwili wa chombo. Chombo cha mbao ndicho kihitajicho uangalifu zaidi, kwa sababu ya funza. Mahali palipochubuka upana wa sarafu moja tu, mlango umekwisha kufunguliwa. Kwa hiyo pembe za mkuku, shina la usukani, na kila mahali pagusapo gadi pasiachwe. Boti ya faiba haiogopi funza. Yaogopa magamba na uzito tu, na mwenyewe aweza kuchagua kwa nafasi yake. Boti ya chuma yataka kwanza ifunikwe vema kwa rangi ya kukinga kutu, mara kadha, ili shaba isikutane na chuma. Na boti ya alumini isipakwe kabisa rangi ya unga huo mwekundu wa shaba. Ni habari ile ile ya manowari Alarm: shaba itaila alumini mpaka itoboke. Ziko rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya alumini, na kopo huandikwa hivyo. Kama halikuandikwa, lisinunuliwe. Vile vipande vya zinki vifungwavyo chini ya chombo navyo visipakwe rangi, maana kazi yao ni kulika, na kipande kilichofunikwa hakiliki.

Jambo la pili la kutazama ni maji yenyewe. Wale wenye magamba, na funza pia, ni watu wa maji ya chumvi. Vyombo vya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika havina maadui hao. Vina utelezi na mimea, ambayo brashi na nguvu za mkono huitosha. Kumwaga shaba katika maji wanywayo watu kwa ajili ya utelezi tu, sisi hatulishauri.

Na hata baharini wako wasiohitaji rangi hii. Mvuvi mwenye ngalawa ivutwayo mchangani kila siku hana haja ya kununua kopo hata moja, kwa kuwa jua humfanyia kazi bure. Mdudu aliyeshika usiku hufa mchana. Twalisema hili waziwazi kwa sababu tumeona watu wenye mapato madogo wakiinunua rangi ya bei kubwa kwa kuona jirani mwenye boti ya watalii ameipaka.

La tatu ni kujua ni rangi gani iliyoko tayari. Rangi ngumu ikipakwa juu ya rangi ilikayo, ile ya chini huendelea kulegea na ile ya juu hubanduka vipande vipande. Kinyume chake chawezekana: rangi ilikayo hushika juu ya rangi ngumu iliyosuguliwa vema kwa msasa. Mtu anunuaye chombo asisahau kumwuliza mwenyewe wa kwanza, na akiambiwa, aandike.

Hapa twataka kusimama kidogo juu ya sumu nyingine, ambayo haiuzwi tena kwa haki. Tangu miaka ya 1960 rangi nyingi zilitiwa sumu itokanayo na madini ya bati, iitwayo tributilitini. Ilikuwa na nguvu kuliko shaba, na mabaharia waliisifu. Kisha katika ghuba ya Arcachon, magharibi ya Ufaransa, mahali palipojaa wakuza chaza na boti za starehe, watu wakaona kuwa watoto wa chaza hawapatikani, na chaza wakubwa wana magamba manene yaliyoharibika umbo. Mwisho wa miaka ya 1970 wakuza chaza wengi walikuwa karibu kufilisika. Mahali pengine konokono wa kike wa baharini waliota viungo vya kiume, wasiweze kuzaa. Sababu ikajulikana kuwa ni rangi ya boti. Ufaransa ikaikataza mwaka 1982 kwa vyombo vifupi, visivyofika meta 25. Uingereza ikafuata mwaka 1987. Na mwaka 2001 mataifa yakapatana kuiondoa katika meli zote, na mapatano hayo yakaanza kushika nguvu tarehe 17 Septemba 2008. Kwa hiyo mtu akiletewa kopo la zamani lisilo na maandishi, likisifiwa kuwa ni kali kupita zote, na alirudishe. Chaza na kombe wa pwani yetu ni kitoweo cha nyumba nyingi, na wanawake waendao kuokota maji yapwapo hawana khabari ya kilichomo katika rangi ya boti ya mtu.

Sasa hesabu, na wanafunzi na watwae kalamu. Pima urefu wa chombo kwenye mstari wa maji, pima upana, pima kina kinachozama. Jumlisha upana na kina, kisha zidisha kwa urefu. Mashua yenye urefu wa meta 8, upana meta 2 na nusu, na kina meta 1, hupata meta 28 za mraba. Kwa chombo kisichozama sana, twaa robo tatu za jumla hiyo, yaani 21. Lita moja ya rangi, kwa kawaida, hutosha kama meta 10 za mraba, lakini shikeni yaliyoandikwa kwenye kopo. Mashua yetu ikipakwa mara mbili ni meta 56, basi lita 5 na sehemu 6 za kumi. Nunua lita 6. Kisalio kipakwe mara ya tatu kwenye mstari wa maji, mbele penye omo, na kwenye usukani, kwa kuwa huko rangi huisha kwanza.

Tena iko hila moja nzuri. Mara ya kwanza paka rangi nyekundu, na mara ya pili ya buluu au nyeusi, zikiwa za namna moja na za mtengenezaji mmoja. Wekundu ukianza kuchungulia, umepata habari yako bila kumwuliza mtu.

Kwa kazi yenyewe, pandisheni chombo siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa. Huku kwetu, mathalan Unguja, maji ya bamvua hupanda kama meta 4, na siku zifuatazo hupungua kila siku. Chombo kilichopandishwa juu kabisa hubaki pakavu mpaka bamvua jingine, kama siku 14 au 15. Muda huo watosha kwa kukwangua, kukalafati, kukausha na kupaka. Lakini chombo cha mbao kisikaushwe kupita kiasi, maana mbao hunywea na maungio hufunguka. Ondoeni magamba pamoja na kile kitako cheupe kinachobaki, kwa sababu rangi haikishiki. Osheni kwa maji ya mvua au ya kisima kuondoa chumvi. Kisha korogeni rangi, na kukoroga huku si kwa dakika moja. Unga wa shaba ni mzito, huzama chini ya kopo, na mtu asiyekoroga hupaka juu ya mashua yake mafuta yasiyo na sumu, na sumu yote hubaki katika kopo. Wako watiao unga wa pilipili humo. Pilipili na ibaki jikoni. Wala msiongeze mafuta ya taa ili rangi ienee. Someni saa za kungoja kabla ya kushusha majini, nazo zishikeni.

Mwenye kukwangua rangi ya zamani na ailoweshe kwanza, wala asiisugue kavu, kwa kuwa vumbi lake ni sumu. Ajifunge kitambaa kizito puani na mdomoni, au kifuniko cha vumbi kama akikipata, na watoto wawe mbali. Turubai litandikwe chini ya chombo, ili makombo yakusanywe yote kabla maji hayajajaa, nayo yafungwe katika gunia na kupelekwa mbali na pwani na visima, mahali palipoonyeshwa na wakubwa wa mji au wa bandari. Kopo tupu nalo litobolewe tundu chini mara rangi iishapo, lisije likatwaliwa na mtu akaligeuza kuwa kata ya maji nyumbani.